Ubao wa Wenye Nguvu

Jumamosi ya kwanza walikuja uwanjani kwangu watu wazima arobaini na mmoja, na wote walikuwa dhaifu.

Sisemi kwa dharau, nasema nilichokiona. Alikuwepo Mardochée, ambaye husukuma baiskeli yenye mifuko mitatu ya mchele kutoka Pangi hadi Kindu, siku tano kwenye matope, na mikono yake ni kama mizizi. Alishika chuma cha juu, akajivuta mara moja, akaachia, akaanguka makalio chini huku anacheka.

"Madame Sport, unisamehe! Nguvu ilibakia njiani!"

Watu wakapiga makofi. Akafuata fundi wa matofali: mara moja. Akafuata mchimbaji aliyekuja kutoka Kabambare kumwona dada yake: mara moja, tena kwa kuguna. Mama mmoja anayetwanga mihogo ya kuuza, kutwa nzima mchi juu mchi chini, alilala kwenye benchi la mazoezi ya tumbo akasema mgongo umekatika kabla hajainuka hata kidogo. Mimi nilipuliza filimbi, nikawapanga mstari, nikaandika kila jina kwenye daftari pamoja na umri, uzito na hesabu. Moja, moja, sifuri, moja.

Jioni nilipoitazama ile safu ya namba, niliisoma tena kutoka juu. Watu arobaini hawachoki kwa kipimo kimoja. Walikuwa wananificha kitu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kisangani na shahada ya elimu ya viungo na imani kubwa. Katika kazi yangu ya mwisho chuoni niliandika kwamba mtu mzima hakatai mazoezi kwa uvivu. Anakosa mahali. Mpe mahali karibu na kwake, pasafi, pasipo na malipo, naye atakuja leo, atakuja kesho, mpaka mwili uzoee. Shirika dogo lilisoma maneno hayo likaniamini. Lilisawazisha kiwanja kilichokaa bure miaka mingi hapa Mikelenge, mjini Kindu, likajenga njia ya mviringo ya changarawe nyekundu, vyuma vya kujivuta, mabenchi manne, na matairi ya lori yaliyozikwa nusu ardhini. Msimamizi, Paulin, aliniambia kwa simu kutoka Kisangani: "Nina miezi mitatu ya kukupa, Béatrice. Nitumie majina." Komini, yaani serikali ya mtaa, nayo ilisema, kiwanja kikibaki kitupu, kitapewa mwingine mwenye haja nacho.

Haya niliyaeleza kwa kila aliyeuliza. Sababu yenyewe hasa sikumwambia mtu. Nilitaka uwanja ule kwa ajili ya baba yangu.

Mwezi wa pili, kabla kiwanja hakijasawazishwa, mkono wake wa kushoto ulilala. Alikuwa anakula, kijiko kikaanguka, mdomo ukaenda upande. Baada ya saa mbili mkono uliamka. Daktari alimpima tansiyo, yaani presha ya damu, akasema: "Papa Onema, safari hii ulionywa tu. Tembea kila siku, dakika arobaini, kwa haraka, mpaka utoe jasho. Usipotembea, mkono huu utalala na hautaamka, na weye pamoja nao."

Baba alicheka. "Daktari, unamwambia kilema akimbie?"

Kwa maana baba yangu anachechemea. Mguu wa kulia. Nilizaliwa mwaka ule vita ilipoingia mjini, na sijawahi kumwona akitembea namna nyingine. Tangu mama yangu afariki, hata maji hachoti. Mama mdogo Halima, mjane wa Djuma, mdogo wake Baba, anayekaa nyuma ya nyumba yetu, ndiye humletea bidoni mbili za lita ishirini kila asubuhi kutoka chemchemi. Ni miaka mingi sasa. Anazitua mlangoni, anasema, "Shemeji, maji," anakwenda zake. Nilipochora ile njia ya mviringo nilidai iwe tambarare kabisa kwa sababu ya mguu ule. Baba aliitazama michoro yangu, akasifu, akasema atakuja. Hakuja.

Wiki ya pili nilidhani nimepata dawa. Watu wanapenda kuonekana, nikajiambia. Nikanunua mbao na rangi ya kijani, nikatengeneza ubao mkubwa, nikausimamisha kando ya barabara ambako kila mtu hupita. Juu niliandika kwa herufi nyeupe: WENYE NGUVU WA WIKI. Chini yake majina kumi, kila moja na hesabu yake. Hata wale wa moja niliwaandika, ili wapate moyo.

Jumapili watu waliotoka misa walisimama mbele ya ubao. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikitarajia vicheko na utani. Hakuna aliyecheka. Walisoma polepole, kama mtu anavyosoma tangazo lililobandikwa na serikali. Mama mmoja alitazama kulia, akatazama kushoto, akalowesha ncha ya kitenge kwa mate, akafuta jina la mume wake.

Jumamosi ya tatu walikuja watoto tu.

Jumatatu yake nilifungua daftari langu, ambalo hukaa kwenye kabati la sebuleni, nikakuta kurasa za majina hazipo. Hazikuchanwa kwa hasira. Zilikatwa kwa wembe, sawasawa, karibu na uzi. Nilitafuta filimbi iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Msumari ulikuwepo.

Basi nikaanza kutazama watu. Sikupenda kuwa hivyo, lakini nilikuwa. Nani aliingia kwetu wiki ile? Mama Halima, na maji yake. Na Muhindo, aliyeleta misumari ya bati ambayo Baba alikuwa amemwagiza.

Muhindo ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Duka lake linatazamana na uwanja. Anauza mabati, misumari, vipuri vya pikipiki, na ndiye aliyeandikia komini barua kuomba kiwanja kile ajenge depo, bohari ya mabati yake. Kila nilipopuliza filimbi alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nilikwenda kwake bila salamu.

"Papa Muhindo, nirudishie kurasa zangu. Na filimbi."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Filimbi?"

"Unataka kiwanja. Watu wasipokuja, unakipata. Nani mwingine ana faida?"

Akainama chini ya meza, akatoa katoni, akaimwaga mbele yangu. Filimbi labda mia moja, za rangi zote.

"Dada Béa, miye nauzisha filimbi. Ile yako uliinunua wapi? Si ni hapahapa! Sasa niibe moja ya zamani, imeshajaa mate ya mutu, nifanye nayo nini?" Wateja wawili waliangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kiwanja ninakitaka, ndiyo. Niliandika barua, kashe ya komini, muhuri, iko juu yake, sikujificha. Lakini mwizi, hapana. Usinipake ile rangi yako."

Niliona haya. Nilianza kuomba radhi, lakini aliniita pembeni, nyuma ya mabati.

"Nikuambie kitu. Miye nilikuja hapa vita imeisha, mambo ya zamani ya hapa siyajui. Lakini nafungua duka saa kumi na moja ya asubuhi, naona. Kabla ya kusimamisha vyuma, wakati njia tu njo ilikuwa tayari, kuna mutu mukubwa alikuwa anakuja kutembea. Peke yake. Anazunguka, anazunguka, mbiombio, kama mutu anachelewa treni. Karibu kila siku. Siku ulileta filimbi na kaye, lile daftari lako, akaacha."

"Nani?"

"Uso sikuuona vizuri. Kofia ya sufu, ya kijani. Na koti refu."

Kindu joto lote hili, kofia ya sufu ya kijani naijua moja tu, na iko nyumbani kwetu.

"Alikuwa anachechemea?" niliuliza.

"Kuchechemea?" Muhindo alishangaa. "Nakuambia mutu alikuwa karibu kukimbia."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana, na sandali zake za tairi zilikuwa mlangoni. Nilizichukua. Chuoni walitufundisha kusoma viatu vya mgonjwa kabla ya kusoma mguu wake, kwa sababu mtu anayechechemea hula soli upande mmoja: kisigino cha mguu mzima huisha, kile cha mguu mbovu hubaki kipya. Niligeuza sandali ya kulia, nikageuza ya kushoto. Zilikuwa zimelika sawa. Sawa kabisa, kama sandali za mwanajeshi.

Mwana kumpima baba yake kwa siri ni jambo baya. Nilifanya. Nikaingiza mkono katika koti lake refu lililoning'inia nyuma ya mlango, na vidole vyangu vikagusa filimbi.

"Kurasa nimezichoma," alisema Baba. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. "Usizitafute."

"Baba, simama vizuri," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu nisiyemjua. "Simama kwa miguu miwili."

Alisogea hadi kwenye kiti, hatua nne, moja baada ya nyingine, zote zikiwa na urefu mmoja. Nilijisikia kama nimemwona akiwa uchi.

"Kaa, mama," alisema. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Unajua kile kiwanja chako kilikuwa nini?"

"Kilikuwa bure."

"Kilikaa bure kwa sababu hakuna mutu alitaka kujenga pale. Mwaka wa tisini na tisa askari walioshika mji walisema, kila Jumamosi ni spor, mazoezi, kwa wanaume wote. Walisimamisha chuma katikati ya miti miwili. Wakaleta filimbi. Walikuwa wazuri, mama, wanacheka na watu, wanagawa chumvi, wakati ule chumvi haipatikani. Unajivuta, wanahesabu kwa sauti, mutu anaandika kwa kaye. Jumamosi ya kwanza, ya pili. Vijana wakaipenda. Wakaanza kushindana. Na askari wakaleta ubao."

Nilifumba macho.

"Wakaandika wenye nguvu kumi na tano. Jumamosi ya tatu wakasoma majina, lori ikaja, wakawabebesha masanduku ya risasi kuelekea msituni. Tano walirudi."

"Na baba mdogo Djuma?"

"Djuma alijivuta mara ishirini na mbili. Alikuwa wa kwanza kwenye ubao. Halima alikuwa ameolewa miezi minane. Jumapili ya kuwekwa ubao alisimama mbele ya jina la bwana wake, akafurahi."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani. Niliuliza, ingawa nilikwisha kuona jibu likija: "Na mguu?"

"Muvuvi mmoja wa Lokandu alikuwa ameniambia. Kwao spor ilitangulia kuanza, alijua mwisho wake. Aliniambia siku ya Ijumaa, kabla ya ile Jumamosi ya kwanza. Usiku ule nikaamua. Asubuhi nikatoka nachechemea, nikasema nimeanguka kwenye shimo. Waliniona sifai, wakanipa kalamu. Ile kaye, mama, niliandika miye. Kila mutu hapa anajua hilo, na wananihurumia: kilema, maskini, angefanya nini? Hawajui mengine."

"Djuma hukumwambia?"

Hapo alishika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, mpaka nikafikiri umelala tena.

"Vilema wawili nyumba moja," alisema. "Nani angeamini?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alinyoosha mguu wa kulia mbele yake akautazama.

"Mwanzo nilitaka niache kuchechemea vita ikiisha. Vita ikaisha, mama yako akafariki, Halima akaniletea maji. Akasema, shemeji, mguu wako na bwana wangu, wote walipotea mwaka mmoja. Sasa niache namna gani? Naamka siku moja, nasema, Halima, mguu umepona? Daktari anasema nitembee haraka, na hapa ni mbele ya watu. Nikitembea, ninasema yote. Nisipotembea, nakufa. Nilijaribu asubuhi, wakati watu wamelala. Ukaja weye na filimbi. Nikafungua kabati, nikaona kaye, nikaona majina, na mwandiko ni wangu. Miye njo nilikufundisha kuandika, mama. Ile herufi jei yako ya mukia murefu ni ya kwangu."

Siku ileile nilikwenda na shoka. Niliuangusha ubao mbele ya watu, nikaupasua vipande, nikampa kuni yule mama wa mihogo aliyesema mgongo umekatika. Alizifunga mzigo, akajitwika bila msaada, akaniona namtazama, akaguna kwa kuchelewa. Filimbi nilimrudishia Muhindo. Aliipangusa kwa shati, akairusha kwenye katoni pamoja na nyingine. "Depo bado naitaka," alisema, "lakini ule ubao na miye ulinitisha, na sijui kwa nini." Paulin nilimwandikia kwamba nitamtumia idadi, majina sitatuma tena, na akitaka majina aje asimame yeye na kalamu. Sikujua kama nimefukuzwa kazi. Bado sijui.

Sikuwaita watu. Nilikaa kwenye tairi nikisoma. Jioni ya pili wakaja wamama watatu kutoka sokoni, wakatua mabeseni, wakatembea mzunguko mmoja wakisengenya, kisha wa pili kwa sababu masengenyo hayajaisha. Jioni ya tatu Mardochée aliegesha baiskeli yake.

"Madame Sport, kaye iko wapi?"

"Haipo."

"Filimbi?"

"Haipo."

"Basi geuka kule, ninakuomba. Ninaona haya."

Niligeuka. Chuma kile kina kilio chake mtu anapojivuta. Kililia mara kumi na saba. Sikuandika hesabu hiyo popote, na ninaiandika hapa kwa mara ya kwanza kwa kuwa ameniruhusu.

Baba hakuja. Nilimwambia sitamlazimisha, na nikanyamaza, jambo lililonigharimu. Usiku nilisikiliza pumzi yake ng'ambo ya ukuta. Mchana nilitazama mkono wake wa kushoto kila aliposhika kikombe.

Jumamosi, kama saa kumi na moja ya jioni, alitokea pembeni ya uwanja, kofia yake kichwani, akichechemea. Watu kama kumi na watano walikuwepo. Alisimama tu. Upande wa pili, kwenye kijia cha chemchemi, Mama Halima alikuwa anakuja na bidoni zake mbili, moja kila mkono, shingo imelala mbele kwa uzito. Siku ile maji ya asubuhi yalikuwa yamekwisha mapema, akarudi kutuchotea tena.

Nilimwona Baba akimwona. Kisha akaanza kutembea. Alikata uwanja katikati, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, hatua ndefu, za haraka, kama Muhindo alivyosema, kama mtu anayechelewa treni. Mardochée aliachia chuma. Baba alifika mbele ya Mama Halima, akashika mishikio ya bidoni juu ya vidole vyake.

"Acha, shemeji, utaanguka," alisema Mama Halima. Kisha akatazama chini.

"Mguu umepona lini?" aliuliza.

"Haukuumwa."

"Haukuumwa lini?"

"Hata siku moja, Halima."

Aliutazama mguu ule kama unavyomtazama mtu uliyemlisha nyumbani mwako na sasa unataka kumjua jina. Bado hakuachia bidoni. Walizishika wote wawili.

"Ulijua," alisema. Halikuwa swali. "Na Djuma, ulimwambia?"

"Hapana."

Aliachia. Bidoni zilishuka kwa ghafula mikononi mwa Baba, naye akazikaza, hakuyumba. "Tembea basi," alisema Mama Halima. "Tukuone." Baba akatembea hadi nyumbani na lita arobaini, mbele ya macho ya Mikelenge nzima, na yeye nyuma yake kwa hatua kumi, mikono mitupu imening'inia kama asiyejua pa kuiweka.

Siku tatu hatukumwona. Mlango wake ulikuwa umefungwa, moshi ukitoka. Baba hakula vizuri. Watu walipita mbele ya nyumba wakisalimu kwa sauti ndogo, na sikuweza kujua salamu ipi ni ya huruma na ipi ni ya kumpima. Tansiyo ilipanda. Nilianza kuogopa kwamba ukweli nao unaua.

Siku ya nne, alfajiri, nilifungua mlango nikakuta bidoni nne tupu zimepangwa. Mbili zetu. Mbili zimefungwa kipande cha kitenge cha bluu, zake. Baba alitoka nyuma yangu, akaziona, akaelewa kabla yangu. Alichukua zile za bluu kwanza.

Chemchemi iko mita mia nane, na kurudi ni kupanda. Alirudi jasho linamtoka kwapani hadi kiunoni. Mama Halima alikuwa amesimama mlangoni kwake, amefunga kilemba, uso mkavu. Alizipokea bidoni, akafungua kifuniko cha kwanza, akanusa, akaimwaga yote kwenye vumbi. Akafungua ya pili, akaimwaga. Maji yalikimbia mpaka kwenye vidole vya miguu ya Baba.

"Haya machafu," alisema. "Rudi."

Nilikuwa nimesimama karibu, nilikuwa nimeyaona. Yalikuwa maji safi kabisa. Baba aliinama, akaokota bidoni, akateremka tena, na zetu zilikuwa bado zinamngoja. Daktari aliomba dakika arobaini. Asubuhi ile Baba alitembea karibu saa mbili.